SELI YA NG'OMBE NA SELI YA MUHOGO

Somo kwa wakulima wadogo: jinsi mwili wa mnyama na mwili wa mmea ulivyojengwa, na faida ya kuijua tofauti yake



Katika mikutano ya wakulima kuna swali moja linaloulizwa mara kwa mara, nalo ni swali la haki. Mkulima husimama akasema: "Bwana Shamba, ng'ombe wangu akishikwa na ndigana kali, daktari wa mifugo humchoma sindano, na akiwahiwa hupona. Muhogo wangu umeugua, majani yamejikunja na mizizi imeoza. Mbona hamna sindano ya muhogo?"

Swali hili halijibiwi kwa neno moja. Jibu lake limo ndani ya mwili wa ng'ombe na ndani ya mwili wa muhogo, katika vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Asiyevijua vitu hivyo huweza kupoteza fedha zake bure. Wako wakulima walionunua dawa ya kunyunyizia wakainyunyizia mihogo yenye batobato, na mihogo hiyo haikupona. Fedha zile zingaliweza kununua pingili safi.

Basi yafaa tujifunze kwanza mwili ulivyojengwa, ndipo tujue namna ya kuutunza. Soma polepole, sehemu moja baada ya nyingine. Kama unaye mtoto aliyesoma sayansi shuleni, someni pamoja.

1. SELI NI KITU GANI?

Nyumba ya matofali hujengwa kwa tofali moja juu ya jingine. Vivyo hivyo mwili wa kila kiumbe chenye uhai umejengwa kwa vipande vidogo sana. Kila kipande huitwa seli. Lakini seli si kama tofali lililokufa. Seli ni hai: hula, huvuta hewa, hutoa taka, hukua, na hugawanyika ikawa mbili.

Seli ni ndogo mno. Seli nyingi za mwili wa ng'ombe, ukizipanga mstari mmoja, zahitajika kama 50 ili kutimiza urefu wa milimita 1. Seli za mimea kwa kawaida ni kubwa kidogo kuliko hizo, lakini nazo hazionekani ila kwa hadubini, yaani chombo cha vioo kinachokuza vitu vidogo.

Mtu wa kwanza kuzipa jina hilo alikuwa Robert Hooke wa Uingereza, mwaka 1665. Alikata kipande chembamba cha gome la mti laini, lile linalotumika kuzibia chupa, akakitazama kwa hadubini. Aliona vyumba vidogo vidogo vimepangana kama sega la nyuki. Zaidi ya miaka 170 baadaye, Wajerumani wawili walieleza jambo kubwa zaidi. Mwaka 1838 Matthias Schleiden alieleza kwamba mimea imejengwa kwa seli, na mwaka 1839 Theodor Schwann akaeleza kwamba wanyama nao ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo ng'ombe na muhogo ni ndugu kwa namna ya kujengwa. Lakini ndugu hawafanani kila kitu.

2. MAMBO YANAYOFANANA

Ukitazama seli ya ng'ombe na seli ya muhogo kwa hadubini nzuri, utaona katika zote mbili vitu hivi vinne:

(a) Utando wa seli. Huu ni ngozi nyembamba sana na laini inayoizunguka seli. Kazi yake ni kama ya bawabu: huruhusu vitu vingine kuingia na kutoka, na vingine huvizuia.

(b) Ute wa seli. Huu ni uji mzito uliomo ndani ya utando. Ndani ya ute huu kazi nyingi za uhai hufanyika.

(c) Kiini. Hiki ndicho kinachotunza maagizo yote ya kiumbe. Ndani ya kiini imeandikwa kama kiumbe hiki ni ng'ombe au ni muhogo, kama ni muhogo mtamu au mchungu, wa kukomaa mapema au wa kuchelewa.

(d) Majiko madogo. Jina lake la kitaalamu ni mitokondria. Humo sukari huunguzwa taratibu kwa msaada wa hewa, ili seli ipate nguvu za kufanya kazi.

Jambo hili la nne lina funzo kubwa. Wengi hudhani kwamba wanyama tu ndio wanaovuta hewa. Sivyo. Kila seli hai ya mmea huvuta hewa, mchana na usiku, hata seli za mizizi zilizo chini ya udongo. Shamba likituama maji siku nyingi, maji huziba nafasi za hewa katika udongo, majiko ya seli za mizizi huzimika, na mizizi huoza. Kwa hiyo mahali pa bonde panapotuama maji, panda muhogo juu ya matuta. Hiyo ndiyo njia ya kuupa mzizi hewa.

3. MAMBO YANAYOTOFAUTIANA

Sasa tutazame tofauti. Ziko nyingi, lakini kwa mkulima kubwa ni hizi nne:

Ukuta mgumu nje ya utando: seli ya ng'ombe haina, seli ya muhogo inao.

Mfuko mkubwa wa maji katikati: seli ya ng'ombe haina, ina vifuko vidogo tu; seli ya muhogo iliyokomaa inao, na mara nyingi hujaza zaidi ya nusu ya seli.

Chembe za kijani za kutengeneza chakula: seli ya ng'ombe haina kabisa; seli za majani ya muhogo zinazo.

Chakula cha akiba: ng'ombe huweka mafuta, na kiasi kidogo cha wanga wa namna ya kinyama katika ini na misuli, muhogo huweka wanga mwingi katika mizizi yake.

Tutazichukua tatu za kwanza moja moja, kwa maana kila moja ina kazi yake shambani.

4. UKUTA WA SELI

Seli ya ng'ombe ni laini kwa sababu imefunikwa kwa utando peke yake. Ndiyo maana ng'ombe huhitaji mifupa ili asimame. Muhogo hauna mifupa, lakini kila seli yake imejengewa ukuta wa nyuzi ngumu ziitwazo selulosi. Kuta hizo zimegandamana moja na nyingine, na kwa pamoja huushika mmea usianguke. Katika sehemu kavu za shina, kuta huongezewa kitu kigumu zaidi kiitwacho lignini. Hicho ndicho kinachoufanya mti kuwa mti.

Kwa kuwa kuta zimegandamana, seli ya mmea haiwezi kuhama. Pale ilipozaliwa ndipo itakapofia. Katika damu ya ng'ombe, kinyume chake, ziko seli nyeupe zinazotembea mwili mzima kama askari wa doria, zikitafuta vijidudu vya ugonjwa. Likumbuke jambo hili, tutalihitaji mbele.

Lakini kuta za mmea hazikuzibwa kabisa. Zina vitundu vidogo mno, na kwa vitundu hivyo seli moja hupitishia jirani yake maji na chakula. Hili nalo ulikumbuke.

Ukuta na chakula cha ng'ombe. Ng'ombe hali nyama, hula majani, yaani hula seli zenye kuta. Tumbo la ng'ombe lenyewe haliwezi kuyeyusha selulosi. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu vingi mno vinavyoishi katika tumbo lake kubwa la kwanza. Ng'ombe huyatafuna majani, huyameza, huyacheua, ili kuta zivunjike na vijidudu vipate kuzifikia. Lakini lignini huvishinda vijidudu hao. Kwa hiyo jani lililokomaa sana na kuwa kama ufito humjaza ng'ombe tumbo bila kumpa maziwa.

Basi kata majani ya tembo yangali laini, yanapofika urefu wa mita 1 hivi. Usingoje yatoe mashina magumu. Yakate vipande vifupi kabla ya kumpa ng'ombe.

5. MFUKO WA MAJI

Katikati ya seli ya mmea iliyokomaa kuna mfuko mkubwa wa maji, jina lake la kitaalamu ni vakuoli. Mfuko huu ukijaa, huusukuma ute na utando mpaka vikaegemea ukuta. Seli hukaza kama mpira wa miguu uliojazwa upepo. Seli zote za jani zikikaza hivyo, jani husimama. Mfuko ukipungukiwa maji, seli hulegea, na jani hunyauka.

Hapa ndipo ukuta unapofanya kazi ya pili. Ukitia seli za damu ya ng'ombe katika maji matupu, maji huziingia mpaka zikapasuka, kwa sababu hazina ukuta. Seli ya mmea katika maji hayo hayo haipasuki. Hukaza tu, kwa sababu ukuta huizuia.

Jaribio la nyumbani. Chukua kiazi mviringo kibichi au papai bichi. Kata vipande viwili vyembamba vya urefu wa kidole. Kimoja kitie katika kikombe cha maji matupu. Kingine kitie katika kikombe cha maji yaliyokorogewa vijiko 2 vya chumvi. Viache muda wa saa 2, kisha vishike. Cha maji matupu kitakuwa kigumu, na ukikikunja huvunjika. Cha maji ya chumvi kitakuwa kimelegea kama ngozi. Chumvi imeyavuta maji kutoka katika mifuko ya seli. Akina mama walijua jambo hili zamani: vitunguu vya kachumbari vikitiwa chumvi hutoa maji na kulegea.

Sasa fikiri juu ya mbolea ya chumvichumvi. Mbolea ikigusa mbegu au mizizi michanga, hufanya vile vile kama chumvi katika kikombe. Badala ya mzizi kunywa maji, maji hutoka katika mzizi. Mche huungua, na mkulima husema mbolea ni mbaya. Mbolea si mbaya, imewekwa vibaya. Fuata kanuni hizi katika shamba la mahindi:

Tia mbolea ya kupandia kizibo 1 cha soda katika shimo, ifunike kwa udongo kiasi cha sentimita 5, ndipo utie mbegu.

Mbolea ya kukuzia iweke kando ya shina, mbali nalo kiasi cha upana wa kiganja, uifukie. Usiitie ndani ya faneli la majani.

Usiweke mbolea katika udongo mkavu. Ngoja mvua iloweshe ardhi.

Vivyo hivyo katika kuhamisha miche ya nyanya au mboga. Maji huingia katika mmea kwa vinyweleo vya mizizi, na kila kinyweleo ni seli moja tu iliyorefuka. Ukiung'oa mche kwa nguvu, vinyweleo maelfu hukatika, na majani huendelea kupoteza maji juani. Kwa hiyo nywesha kitalu kwanza, chimbua mche pamoja na udongo wake, na hamisha wakati wa jioni. Mmea ukinyauka saa sita mchana na kusimama jioni, haujaharibika. Lakini ukiukuta umenyauka alfajiri, ujue maji yamekwisha ardhini au mizizi ina ugonjwa.

6. MFUKO WA MAJI NA SUMU YA MUHOGO

Mfuko huu haubebi maji peke yake. Mmea huweka humo vitu vyake vya kujilinda na waharibifu. Katika muhogo, hasa muhogo mchungu, mfuko una kitu kiitwacho linamarini. Kikiwa peke yake ndani ya mfuko hakitoi sumu. Lakini katika ukuta wa seli kuna kimeng'enya, yaani kichocheo, cha kukivunja. Maadamu seli ni nzima, viwili hivi havikutani. Seli ikivunjwa, hukutana, na hapo sumu iitwayo sianidi hutolewa.

Mkulima aweza kuuliza, "Kama ni hivyo, si afadhali seli zisivunjwe?" La. Zikivunjwa nje, kabla ya kula, sumu hupotea hewani na katika maji. Zikibaki nzima mpaka tumboni, sumu hutolewa mwilini mwa mlaji. Kwa hiyo kanuni ni moja: vunja seli kabla ya kula. Kutwanga, kukuna na kuloweka ni njia za kuvunja seli. Ndiyo sababu kisamvu hutwangwa kwanza, kisha huchemshwa sana.

Hatari yake si hadithi. Mwaka 1981 katika jimbo la Nampula, Msumbiji, na mwaka 1985 katika wilaya ya Tarime, watu walipatwa na ugonjwa uitwao konzo. Miguu yote miwili hukakamaa kwa ghafula, na ulemavu huo haupoi. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto na wanawake, wakati wa njaa na ukame, watu wanapokula muhogo mchungu siku nyingi bila kuutengeneza vizuri na bila chakula cha kutosha cha kujenga mwili. Basi angalia haya:

Muhogo mchungu menya, kata vipande, loweka katika maji siku 3 au 4 mpaka ulainike. Mwaga maji hayo mbali na mifugo. Kamua, kisha anika ukauke kabisa. Au ukune, uukamue na kuuanika.

Usiuanike muhogo mchungu mzima mzima kwa haraka ukadhani jua limetosha. Seli nyingi hubaki nzima, na sumu hubaki ndani. Kuuchemsha tu hakutoshi pia, kwa kuwa moto hukiua kile kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi yake.

Kama una unga wa muhogo usiouamini, uchanganye na maji mpaka uwe tope zito, utandaze uwe mwembamba usiozidi unene wa sentimita 1, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini, ndipo upike ugali siku hiyo hiyo. Sumu hupungua sana.

Usiwape ng'ombe na mbuzi maganda mabichi ya muhogo mchungu. Yaanike kwanza. Mtama mchanga nao una sumu ya namna hii, kwa hiyo usichunge mifugo katika machipukizi ya mtama.

7. CHEMBE ZA KIJANI

Tofauti ya tatu ndiyo inayomlisha mwanadamu. Ndani ya seli za majani kuna chembe za kijani ziitwazo kloroplasti. Chembe hizi huchukua maji kutoka ardhini na hewa ya kaboni dioksidi, na kwa nguvu ya mwanga wa jua huvigeuza kuwa sukari. Ng'ombe hana hata chembe moja ya namna hii. Mchunge juani mwaka mzima, hatapata sukari kutoka kwa jua. Imempasa ale kilichotengenezwa na mmea.

Katika muhogo, sukari hiyo husafirishwa kwa mirija midogo kutoka majani mpaka mizizi, na huko huwekwa kama wanga. Kwa hiyo mzizi mnene umetengenezwa kwanza juu, katika jani. Kutokana na hayo twapata kanuni tatu:

Palilia mapema. Miezi 3 ya kwanza ni ya hatari. Magugu yakiufunika muhogo, chembe za kijani hukosa mwanga.

Panda kwa nafasi, mita 1 kwa mita 1, ili kila mmea upate jua lake.

Usichume kisamvu kupita kiasi katika shamba unalotegemea mizizi. Kila jani unalotoa ni jiko la kupikia wanga.

Rangi ya kijani yenyewe hujengwa kwa naitrojeni na magnesi kutoka ardhini. Mahindi yakianza kugeuka manjano katika majani ya chini, kuanzia ncha na kufuata uti wa jani, mara nyingi ni njaa ya naitrojeni. Samadi iliyooza vizuri, au mbolea ya kukuzia, huleta naitrojeni hiyo.

8. MBONA HAKUNA SINDANO YA MUHOGO?

Sasa tunaweza kulijibu swali la mkulima.

Ng'ombe ana moyo na damu. Dawa ikiingia mwilini, damu huizungusha na kuifikisha karibu na kila seli. Tena zile seli nyeupe zinazotembea husaidia kupigana, na chanjo huzifundisha kumtambua adui mapema.

Muhogo hauna moyo, hauna damu, wala hauna seli za kutembea. Una njia zake za kujilinda, lakini kila seli hujilinda pale ilipo, nyuma ya ukuta wake. Batobato na michirizi ya kahawia ni magonjwa ya virusi, na virusi huishi ndani kabisa ya seli. Vikisha kuingia, hupita kutoka seli mpaka seli kwa vile vitundu vya katika ukuta, na husafiri pamoja na sukari katika mirija mpaka mizizini. Dawa ya kunyunyizia haiwezi kuvitoa humo. Hakuna dawa ya kuutibu muhogo ulioingiwa na virusi hivi shambani.

Kuna jambo jingine kubwa zaidi. Ukikata mguu wa ng'ombe ukaufukia, hauoti ng'ombe. Ukikata pingili ya muhogo ukaifukia, huota muhogo mzima, kwa sababu katika macho ya pingili kuna seli changa zinazoweza kujenga kila kiungo cha mmea. Hii ni baraka kwa mkulima, kwa kuwa hanunui mbegu kila mwaka. Lakini baraka hii ina mtego. Pingili ikitoka katika mmea mgonjwa, seli zake hubeba virusi, na mmea mpya huzaliwa mgonjwa. Mkulima hupanda ugonjwa kwa mikono yake, na humpa jirani yake ugonjwa kwa moyo mwema.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia si mgeni kwetu. Mwaka 1936 mtaalamu H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, aliandika habari zake. Kwa miaka mingi ulikaa hasa katika nchi za pwani. Tangu mwaka 2004 umeonekana Uganda, na baadaye katika nchi nyingi za kandokando ya Ziwa Victoria. Huenezwa na inzi weupe, lakini safari ndefu huzifanya kwa kubebwa katika pingili.

Dalili zake zitambue. Batobato huonekana katika majani machanga: yana mabaka ya kijani hafifu au manjano, yamejikunja na kuwa madogo. Michirizi ya kahawia huonekana katika majani ya chini: manjano hufuata mishipa ya jani, na katika shina bichi kuna michirizi ya rangi ya kahawia. Ndani ya mizizi kuna uozo mkavu wa kahawia. Angalia sana: mmea waweza kupendeza juu, na chini mizizi haina kitu cha kuliwa.

Kwa kuwa tiba haipo, kazi yote ni kinga:

Kwanza, chagua mimea mama ingali na majani, uitie alama. Usingoje majani yaanguke, kwa maana dalili huanguka nayo.

Pili, wakati wa kuvuna kata mizizi uitazame ndani. Ikiwa na kahawia, usichukue pingili katika mmea huo.

Tatu, chukua pingili katika mashina yaliyokomaa, ya miezi 8 hadi 12, urefu wa sentimita 20 hadi 30, zenye macho 5 au zaidi.

Nne, kagua shamba kila mwezi tangu muhogo uchipue. Mmea mgonjwa ung'oe ungali mdogo, uuchome au uufukie. Usiuonee huruma. Ni chanzo cha ugonjwa kwa shamba zima.

Tano, panda aina zinazostahimili. Kwa michirizi ya kahawia, aina ya Kiroba yajulikana kwa ustahimilivu. Muulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa mahali pako ni aina ipi iliyothibitishwa kwa ardhi yenu.

Sita, shirikianeni na majirani. Inzi weupe hawajui mpaka wa shamba.

Wataalamu nao hutumia elimu hii ya seli. Huikata ncha ndogo sana ya chipukizi, isiyofika milimita 1, mahali ambapo mara nyingi virusi havijafika, wakailea katika chupa mpaka ikawa mmea kamili. Mimea ya namna hiyo ikipimwa na kuonekana safi, huzalishwa iwe mbegu mama. Ukizipata pingili zilizotokana nayo, zitunze kama ulivyoelezwa hapo juu, la sivyo zitaambukizwa kama nyingine.

9. YAKUMBUKE HAYA

Ng'ombe na muhogo wote wamejengwa kwa seli zenye utando, ute, kiini na majiko ya kuunguza sukari. Muhogo una ukuta, mfuko wa maji na chembe za kijani, ng'ombe hana. Kwa sababu ya ukuta, lisha majani laini. Kwa sababu ya mfuko wa maji, tia mbolea mbali na mbegu, na vunja seli za muhogo mchungu kabla ya kuula. Kwa sababu ya chembe za kijani, palilia mapema. Na kwa kuwa mmea hauna damu ya kubeba dawa, dawa ya muhogo ni pingili safi.

10. MASWALI YA KIKUNDI

Ulizaneni maswali haya katika kikundi chenu, na kila mtu ajibu kwa maneno yake mwenyewe:

1. Taja vitu vinne vilivyomo katika seli ya ng'ombe na katika seli ya muhogo pia.

2. Kwa nini ng'ombe huhitaji mifupa, na muhogo husimama bila mifupa?

3. Fanyeni jaribio la kiazi na chumvi. Linatufundisha nini juu ya kuweka mbolea?

4. Kwa nini si salama kuanika muhogo mchungu mzima mzima?

5. Jirani anakuletea pingili bure. Utamwuliza nini, na utatazama nini, kabla ya kuzipanda?

Swali la 5 likijibiwa vizuri na kila nyumba kijijini, mizizi mingi itaokolewa kuliko dawa yoyote iwezavyo kuokoa. Msimu ujao, kabla hujakata pingili hata moja, tembea shambani ukitazama jani moja moja, utie alama mimea iliyo mizima.